Shangazi, hicho kwenye picha yako ni kitu gani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tuko Dodoma, na kila tukifungua ukurasa wako tunabishana. Waandishi wenzako wote wameweka sura zao: wa mapishi kapaka wanja, wa sheria kavaa tai. Kwako pana kitu cha mbao chenye shingo ya chuma, kimevaa miwani! Mume wangu anasema ni kigoda cha mganga. Mimi nasema ni kipande cha baiskeli. Tumewekeana soda. Tuamulie, na utuambie kwa nini hatukuoni uso.
*Mama wa Wawili, Dodoma*

JIBU: Marahaba mwanangu. Soda mpeni mtoto mkubwa, maana wote wawili mmekosa. Hiyo ni mbuzi. Mbuzi ya nazi. Na hiyo "ya" ishike vizuri, ndiyo iliyonifikisha hapa.

Miaka mitatu iliyopita mtoto wa marehemu kaka yangu alikuwa anaoa, huku Dar es Salaam. Kamati ikafungua kundi la WhatsApp, na mnalijua kundi la harusi: halina salamu, lina ahadi. Huyu laki mbili, yule kreti za soda, mwingine keki. Mimi mjane wa pensheni nikakaa kimya siku nne nikisoma tu. Ya tano nikaona mtu kaandika kwamba wali wa mchana utapikwa kwa tui la pakiti, kurahisisha kazi. Wali wa nazi, wa harusi ya mtoto wetu, kwa tui la pakiti! Mimi nimezaliwa Ngamiani, Tanga. Nikaandika: "Nitaleta mbuzi yangu, na nitakuja nayo mwenyewe asubuhi na mapema. Nyie tafuteni nazi 40."

Mtunza hazina, kijana mstaarabu wa upande wa bibi harusi, akaniingiza kwenye orodha: *Shangazi, mbuzi 1.* Watu wakamimina vile vikono vya kupiga makofi. Nikafurahi, nikasema kumbe bado kuna wanaojua thamani ya tui la kukamua. Sikujua kwamba jioni hiyohiyo walipunguza kilo za nyama kwa muuza bucha.

Mnyama ni "mbuzi wangu", "nitakuja naye". Kifaa ni "mbuzi yangu", "nitakuja nayo". Fungueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu mtawakuta wote wawili, kila mmoja na ngeli yake. Lakini mtaani siku hizi kila kitu ni "yangu": kuku yangu, ng'ombe yangu. Kijana wa watu akadhani na mimi nimeamua kuongea hivyo. Nazi 40 alizinunua, akidhani ni za mchuzi.

Siku ya siku, saa kumi na mbili asubuhi, nikashuka kwenye bajaji na mzigo wangu nimeufunga kwenye kanga. Kijana amesimama getini na kamba mkononi, nyuma yake mzee mmoja na kisu chake. Kaniamkia vizuri. Kisha akachungulia ndani ya bajaji. Akazunguka upande wa pili, akachungulia tena.

"Shangazi, yuko wapi?"

Nikafungua kanga. "Hii hapa."

Yule mzee wa kisu alikuwa Mdigo. Alicheka mpaka akaketi chini.

Sasa niwaeleze ninyi wa Dodoma mlichokuwa mnakitazama. Ni mbao mbili zilizopishana, zinakunjwa na kukunjuliwa kama marufaa ya kuwekea msahafu. Mwisho wa ubao mmoja pamepigiliwa ulimi wa chuma wenye meno. Yangu alichongewa mama mwaka 1979, na pale pa kukalia pamebonyea kwa kukaliwa. Unakaa upande, sinia chini ya meno, unashika nusu ya nazi kwa viganja viwili na kuizungusha polepole. Ukiona chembe ya kwanza ya kahawia, acha hapohapo, geuza pengine. Ukikwangua mpaka kwenye kifuu, tui linabadilika rangi.

Yule kijana, kwa aibu au kwa adabu, aliomba afundishwe. Ile ya kwanza aliikwangua kama anayepiga msasa mlango, nazi ikatoka na madoa. Ya tano akawa mtu. Alikuna 11, nilizihesabu, na kamba bado iko begani. Wali ulipikwa kwa tui jepesi, tui zito likamiminwa mwishoni, na sufuria ilirudi haina hata ukoko. Nyama ndiyo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, hilo nalikubali.

Baada ya hapo kundi zima likawa linaniuliza habari za mbuzi, kama ameshazaa, kama anakula vizuri. Mjukuu wangu akachoka kuniona najibu. Akaitoa mbuzi uani, akaivisha miwani yangu ya kusomea, akapiga picha na kuiweka kwenye namba yangu. "Bibi, sasa kila ukiandika watamwona ni yupi." Mhariri alipoomba picha ya ukurasa huu, nilituma iliyokuwepo kwenye simu. Alipiga kuuliza kama nimekosea. Nikamwambia iache.

SWALI: Shangazi, dada yangu ana blenda na anasema mbuzi ni kujitesa. Kuna tofauti kweli?
*Binti wa Morogoro*

JIBU: Kwa mchuzi wa watu wawili siku ya kazi, blenda inatosha, na mwanangu ninayeishi naye anayo. Ila mwambie dada asitie maji mengi kwa kuionea huruma mota, akapata tui la pili bila kuliona la kwanza. Na akishalitia jikoni asiliache peke yake. Akoroge, lisije likakatika.

Yule mtunza hazina bado hunipigia. Idd iliyopita nilimwambia nimeandaa mbuzi, aje na familia. Kimya kidogo kwenye simu.

"Shangazi, samahani. Ni *wa* au ni *ya*?"