Maswali ya Wasomaji: Blanketi Jepesi la Kulalia Kwenye Hamoki

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni msomaji wako wa hapa Tabata, Dar. Mwishoni mwa mwezi wa saba mimi na wenzangu wanne tunapanda Lushoto siku mbili halafu tunashuka kumalizia Pangani baharini, na safari hii hakuna tenti, kila mtu na hamoki yake, ile bembea ya kitambaa ya kulalia. Mwaka jana nililala kwenye hamoki huko huko Lushoto, nikabeba lile blanketi zito la Kichina lenye maua maana mama alisisitiza, likajaza begi zima na bado usiku nilitetemeka, juu natoka jasho mgongo unaganda. Sasa nataka kitu chepesi, hivi vya msimu wa joto, lakini nawaza kama zito lilinishinda si hilo jepesi ndo nitakufa kabisa? Bajeti yangu ya kawaida tu.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza usimlaumu mama, blanketi halikuwa na kosa. Umesema mwenyewe, juu jasho chini barafu, jibu lote limo humo.

Blanketi halitengenezi joto, joto ni lako, lenyewe linashika tu hewa katikati ya manyoya yake ili hiyo hewa isikimbie. Sasa ukililalia, uzito wako unakandamiza yale manyoya, hewa inatoka yote, unabaki umelalia kitambaa. Nyumbani huoni hii shida kwa sababu kuna godoro. Kwenye hamoki chini ya mgongo wako kuna nailoni nyembamba kama ya mwamvuli, na chini ya nailoni kuna upepo unapita usiku kucha unakukomba joto. Unaweza kujifunika mablanketi matatu juu na mgongo ukaendelea kulia.

Mimi yalinikuta hayo hayo, milima hiyo hiyo ya Usambara. Nilijiona mjanja, nimebeba khanga mbili na kiblanketi, jioni nikajirusha kwenye bembea yangu nikasinzia vizuri tu, saa tisa usiku nikaamka makalio hayana hisia. Nikatandika koti la mvua chini nikidhani nimepata dawa, likazuia upepo kweli ila baada ya nusu saa lilikuwa limelowa jasho na sasa ni baridi pamoja na maji. Nikashuka, nikajiviringisha chini kama chapati mpaka kukakucha.

Kwa hiyo hela yako ya kwanza iende chini. Cha rahisi kabisa ni mkeka wa yoga au ile sponji ngumu isiyonyonya maji, unaiweka ndani ya hamoki unailalia, haikandamiziki kirahisi kwa hiyo hewa yake haitoki. Ubaya wake ni nyembamba kwa upana, hamoki inakukunja na mabega yanatokeza nje ya mkeka, na bega likigusa nailoni tupu utajua. Kata vipande viwili vya mkeka mwingine uvibandike ubavuni kama mabawa usawa wa mabega, kama sentimita 50 hivi urefu vinatosha. Kuna na ile karatasi ya kung'aa wanayoweka madereva kwenye kioo cha mbele kuzuia jua, usicheke, watu wa hamoki wanaitumia sana, nyepesi na bei chee, kwa usiku usio na baridi kali inafaa.

Ukitaka raha zaidi, ning'iniza blanketi kwa nje, chini ya hamoki, kwa lastiki pande zote mbili. Hapo huligusi kwa uzito wako kwa hiyo linabaki limevimba na joto linakaa. Ujanja uko kwenye kulegeza na kukaza: likilegea sana upepo unaingia katikati, likibana sana umelikandamiza tena umerudi pale pale. Panda, mwambie mwenzako apitishe mkono katikati ya blanketi na hamoki, asikute uwazi. Fundi cherehani yeyote atakushonea, vitambaa viwili vya parachuti na katikati faiba, ile pamba nyeupe mafundi makochi wanajazia mito, ila chagua iliyo kama shiti sio ya madonge, na apitishe mishono michache ya kuishikilia tu, akiijaza mishono kila mahali ataiminya na utakuwa umeshona mkeka.

Haya, sasa juu, na hapa ndo jepesi linatosha kweli. Flisi ni chaguo la mtu wa bajeti, kile kitambaa cha sweta laini za mitumba. Piga hesabu mwenyewe, flisi ya gramu 200 kwa mita ya mraba, blanketi la mita 2 kwa moja na nusu linakuwa gramu 600, linganisha na lile la maua. Flisi inakauka haraka ila upepo unapenya kama chujio, weka mdomo upulize utaona. Dawa yake ni kushona kitambaa chembamba cha kuzuia upepo upande mmoja. Duveti la manyoya ya bata ndilo jepesi kuliko yote na linajikunja likawa kama mkate, lakini likilowa manyoya yanashikana madonge na joto kwisha, na kwa ukungu wa Lushoto ukijumlisha unyevu wa Pangani mimi nisingekushauri, tena kwa bei ile. Chukua la faiba. Usitafute la kitandani la futi sita kwa sita, upana wa sentimita 130 unatosha mtu mmoja, na mwambie fundi afunge upande wa miguu kama mfuko, miguu ikae humo isichomoke ukigeuka.

Usiku Lushoto utakuwaje? Mji uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi kama 6. Dar usiku wa Julai inacheza kwenye 18 mpaka 20, toa 8 au 9, ndo hizo 10, 11 ulizokutana nazo. Mkienda kulala Magamba ni juu zaidi, ongeza soksi na kofia. Pangani huhitaji hata nusu ya hivyo, ila kuna upepo wa kusi na kuna mbu, na mbu wa hamoki anakung'ata mgongoni kupitia nailoni, kwa hiyo kile cha chini kinakusaidia hata huko. Funga kwenye mivinje. Minazi hapana, hata ukiona wazungu kwenye picha, nazi ikidondoka haiulizi nani yuko chini.

Swali: Mambo dadangu, niko Kilifi, twaenda kulala ufuoni Januari, shuka la Kimasai peke yake laweza kutosha?

Jibu: Poa kabisa, kaskazi yenyewe ni joto, latosha, hata leso yatosha. Beba tu chandarua kinachozunguka hamoki nzima mpaka chini, na ulale mshazari sio nyooka, mgongo utakushukuru.

Swali: Dada, naishi Minneapolis, wenzangu wa kazini wananichukua kupiga kambi Julai kaskazini huku kwenye maziwa. Dukani naona duveti za hamoki zimeandikwa 20, 40, 50, sielewi.

Jibu: Hizo ni Farenhaiti mdogo wangu, 50 ni kama nyuzi 10 zetu, 40 ni kama 4, na 20 ni chini ya sifuri, hiyo waachie wenyewe. Tatizo ni kwamba mara nyingi namba hiyo ni ya kukufikisha asubuhi, haimaanishi utalala fofofo, kwa hiyo angalia utabiri wa usiku halafu chukua ya namba ndogo kwa nyuzi 10 hivi za kwao. Usiku wa 50 nunua ya 40. Kwa Julai ya huko 40 inakutosha, na waulize hao wenzako kama wana cha ziada cha kuning'iniza chini kabla hujatoa dola zako, maana kile cha chini kinaweza kufika bei sawa na cha juu na wauzaji wengi wanaviuza mbalimbali, unafika porini na nusu ya kitanda.