Data za leza zimekipandisha daraja kilima changu?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Naishi Leeds, Uingereza, na wikendi hupanda vilima na wenzangu. Kipo kimoja jirani ambacho kwa ramani mchomozo wake, yaani kimo kutoka shingo inayokiunganisha na kilima kirefu zaidi hadi kileleni, ni mita 28. Kwa hiyo hakimo kwenye orodha ya vilima vya Uingereza iitwayo TuMP, inayotaka mchomozo wa mita 30. Nimepakua data za bure za vimo vilivyopimwa kwa leza kutoka ndegeni, programu ikanipa kilele mita 187.42 na shingo mita 157.34. Tofauti ni 30.08. Niwaandikie wenye orodha wakiingize?
Msomaji, Leeds

JIBU: Marahaba. Waandikie, ila usiwaambie kimepanda daraja. Waambie kinastahili kupimwa.

Tangu data za leza za England zilipoanza kutolewa bure mwaka 2015, maswali ya aina hii hayaniishi, na karibu yote yana kosa lilelile: mtu akiona desimali mbili anaamini amepata usahihi. Desimali ni za programu. Ukitaka tano itakupa tano. Data zenyewe zina kosa la wima la takriban sentimita 15. Wewe umetoa kimo kimoja kwenye kingine, kila kimoja na kosa lake, kwa hiyo tofauti yako inayumba kwa sentimita 21 hivi. Mpaka umeuvuka kwa sentimita 8. Ungepata mita 33 ningekwambia tuma leo hii, kwa sababu hapo leza inatosha na inazidi.

Lakini kinachonikera zaidi ni imani kwamba lile faili la ardhi tupu, lililofutwa miti na nyumba, ndiyo ardhi. Ndege ilipita, leza ikarudisha mamilioni ya pointi, kisha programu ikachambua ipi mti, ipi paa, ipi udongo, na palipobaki mapengo ikakisia. Imefundishwa kufuta kinachochomoza ghafla, na kilele cha mwamba huchomoza ghafla! Jiwe ambalo ungekanyaga kwa mguu wako linaweza kunyolewa lote, kilima kikashushwa bila kosa. Penye vichaka vizito hutokea kinyume: leza haifiki chini, majani yanahesabiwa kuwa udongo, kilima kinarefuka. Ukikimbilia faili la sura ya juu, lisilofutwa kitu, utapima ukuta, rundo la mawe la wapandaji, au ile nguzo ya zege ya wapima wa zamani. Orodha hizi zinataka ardhi ya asili.

Na shingo je? Watu hukesha na kilele, shingo wanaichukua kwa kubofya mara moja. Mara nyingi ni tambarare pana yenye mfereji, ua au tuta la barabara, na sentimita 20 za pale zina uzito uleule wa sentimita 20 za kileleni. Fungua pointi ghafi, si faili lililosafishwa, uzikague moja moja sehemu zote mbili. Kisha panda na kipokezi cha setilaiti cha wapima, ukiweke juu ya jiwe lenyewe, ukiache kikusanye data kwa muda mrefu, na ushuke nacho shingoni ufanye vivyo hivyo. Calf Top, kule Cumbria, ilipimwa kwa kazi ya namna hiyo, na mwaka 2016, hesabu ya kugeuza vimo vya setilaiti iliporekebishwa, ikatambuliwa kuwa mlima: mpaka ni futi 2,000, yaani mita 609.6, nayo ikapatikana kuwa 609.606. Milimita sita! Beinn a' Chlaidheimh ya Scotland ilipimwa ikakutwa mita 913.96, chini ya zile 914.4 za futi 3,000, na mwaka 2012 ikaondolewa kwenye orodha ya Munro, yaani ya milima ya Scotland inayofika kimo hicho. Yote miwili ilipandwa na kupimwa kwa kifaa, si kwa kubofya kitufe mezani tu.

Wapo sasa wanaotangaza programu za kupanga vilima vya nchi nzima kwa usiku mmoja, na wengine wanaleta kimo cha simu. Simu! Kimo ghafi cha setilaiti hakihesabiwi kutoka usawa wa bahari. Huko Uingereza tofauti ni kama mita 50, na asiyejua kuirekebisha hajui anachopima.

Huku nyumbani uzembe huohuo unauzwa kwa pesa. Mtu ananunua droni, anairusha juu ya kiwanja bila alama hata moja iliyopimwa chini, jioni anakabidhi ramani ya kontua yenye rangi za kuvutia. Fundi anachimba mtaro kwa kuifuata, na mvua ya kwanza inaingia sebuleni kwa jirani. Kilima kikikosewa kinatolewa kwenye orodha. Nyumba haitolewi majini kwa kurekebisha faili. Kwa hiyo anayekuletea ramani ya vimo, ya leza au ya droni, mwulize alama za chini zilikuwa ngapi, zilipimwa kwa kifaa gani, na kimo chake kinaanzia wapi. Akianza kukuonyesha rangi, usimlipe.