Bwawa limejaa majani: kabla hujamwaga kapi ishirini, soma yaliyonikuta

Mkuu uliyeuliza kuhusu bwawa lako la nusu eka nje ya Tyler, Texas: umesema majani yameziba zaidi ya nusu ya maji, ndoano haipiti, watoto wameacha kuvua, na jirani amekushauri umwage kapi 20, wale samaki wa kula majani, umalize kazi. Mimi nina bwawa la robo tatu ya eka, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapo ulipo, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikilihudumia. Ushauri kama huo nami nilipewa, nikaufuata. Nakuomba usimwage ishirini.

Kwanza ujue una jani gani. Sisi tuliotoka kando ya Ziwa Victoria tukisikia magugu maji, akili inakwenda moja kwa moja kwenye lile gugu la maua ya zambarau linaloelea. Hilo kapi halimvutii, na hata kule ziwani waliosaidia kulipunguza ni wadudu fukusi walioachiwa miaka ya 1990, si samaki. Kapi mla majani anapenda majani laini yanayokua ndani ya maji. Mayungiyungi yaliyokomaa hayagusi. Matete na mafunjo ya ukingoni atakula machipukizi tu, akiwa na njaa. Ule ukoga wa nyuzi unaoelea kama pamba iliyolowa anaudonoa kidogo, lakini usimtegemee aumalize.

Fanya hivi. Chukua reki ya chuma, ifunge kamba, irushe mita tano ndani, iache izame, kisha ivute polepole. Kilichotoka kishike mkononi. Jani likiwa na ncha ndogo ndogo zinazokwaruza vidole, na vijani vinne mpaka vinane vimezunguka shina kwa duara, hilo yaelekea ni haidrila. Likiwa linasagika kiganjani kama lina mchanga ndani, na linanuka vibaya, karibu na harufu ya kitunguu saumu kilichooza, hilo ni kara. Hayo yote mawili kapi anayala kwa hamu. Langu lilikuwa kara, na siku ya kwanza nilifikiri bwawa limeingiwa na maji taka kwa ile harufu.

Pili, kibali. Texas huruhusiwi kununua samaki hawa mpaka uwe na kibali cha Texas Parks and Wildlife, idara ya jimbo ya mbuga na wanyamapori, na wanaoruhusiwa ni wale wasiozaa tu. Sababu ni ya msingi. Kapi hawa ni wa mito ya Asia ya Mashariki, na waliingizwa Marekani mwaka 1963, wakitokea Malaysia na Taiwan. Waliotoroka waliingia mitoni, wakazaliana, na mto ukishapata samaki anayekula majani yote, ndege na samaki wa asili wanakosa makao. Ndiyo maana wafugaji wakaanza kuyabana mayai kwa shinikizo kubwa mara tu baada ya kurutubishwa, samaki akatoka na seti tatu za kromosomu (vibeba urithi ndani ya chembe) badala ya mbili. Huyo anakua, anakula, lakini hazai. Kila mmoja hupimwa damu kabla ya kuuzwa. Usikubali samaki wa mtu wa barabarani asiye na karatasi, hata akikupa bure.

Sasa idadi, maana hapa ndipo nilipoumia. Nilimwaga 12 kwenye robo tatu ya eka. Kiangazi cha kwanza sikuona kitu, nikalalamika kwamba nimetapeliwa. Kiangazi cha pili majani yakaanza kupungua, nikafurahi. Kufikia Septemba ya mwaka wa tatu halikubaki hata jani moja. Maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu hakuna mizizi inayoshika tope, na samaki wenyewe wanachokoa ukingoni. Mvua ilipopandisha maji, niliwaona alfajiri wamejipanga pembeni wakikata nyasi za nchi kavu zilizofunikwa na maji: migongo imetokeza, na sauti ya kukata unaisikia kabisa, kama mbuzi kwenye zizi. Wale besi, samaki wawindaji niliokuwa nawatunza, wakabaki vichwa vikubwa na miili myembamba, kwa sababu vifaranga vya blugili, samaki wadogo ambao besi huwala, vilikosa pa kujificha, vikaliwa vyote mapema, na baada ya hapo chakula kikaisha.

Kosa kama hilo lilishafanyika hapa hapa Texas kwa kiwango cha kutisha. Ziwa Conroe, kaskazini ya Houston, lilitiwa kapi 270,000 miaka ya 1981 na 1982 kwa ajili ya haidrila, na kufikia mwishoni mwa 1983 majani ya chini ya maji yalikuwa yameisha yote, mabaya na mazuri.

Na kuwatoa si rahisi. Kapi ana woga kuliko samaki yeyote niliyewahi kuvua. Akisikia hatua zako ukingoni amekwisha kwenda. Nilijaribu mkate, nyanya ndogo, mahindi ya kopo. Kwa miezi minne nilipata wawili. Mwishowe jirani anayewinda samaki kwa upinde alinitolea watano, usiku, kwa taa. Majani yalianza kurudi upande wa maji ya kina kifupi baada ya mwaka mmoja na nusu.

Kwa hiyo kwako: kwa kawaida watu huweka kati ya 5 na 10 kwa eka. Nusu eka iliyozibwa zaidi ya nusu, anza na wanne. Narudia, wanne. Subiri viangazi viwili, halafu ndipo uamue kama unaongeza. Unapovua besi na blugili unataka robo ya bwawa ibaki na majani, usitake liwe safi kama bafu. Kuongeza samaki ni kazi ya asubuhi moja, kupunguza umeona ilivyonichukua.

Wanunue wenye urefu wa sentimita 25 mpaka 30. Besi mkubwa anammeza wa sentimita 15 bila shida, na utakuwa umemnunulia kitoweo. Waweke majira ya kuchipua, maana maji yakiwa baridi hawali sana; hamu yao inakuja maji yakifika nyuzi joto 20 za Selsiasi na kuendelea. Kapi mdogo akiwa kwenye maji ya joto anaweza kula kwa siku majani yenye uzito wake mwenyewe. Akifikisha miaka mitano, sita, anapunguza, ingawa bado anaishi na kunenepa, na hapo ndipo watu huongeza wawili watatu wapya.

Dawa ya kuua majani usiimwage bwawa zima mwezi wa Julai kwa kuchoka kusubiri kapi. Majani yakifa yote pamoja yanaoza, yanamaliza oksijeni, na asubuhi unakuta samaki wanahema juu ya maji. Ukilazimika, tibu sehemu ndogo, acha wiki mbili, kisha nyingine.

Jambo ambalo hukulitaja: je, ng'ombe wananywa humo? Kapi anameng'enya kama nusu tu ya anachokula, kinachobaki kinarudi majini kama mbolea. Ukijumlisha samadi, utabadilisha majani kwa maji ya kijani kibichi. Mimi niliweka uzio na kuwatengea ng'ombe sehemu moja ya kunywea, na hilo peke yake lilinisaidia kuliko nilivyotarajia.

Halafu mdomo wa kutolea maji yanapofurika. Kapi hufuata maji yanayotembea, na mvua moja kubwa inakuondolea wote usiku mmoja. Weka kizuizi cha nondo zilizolala, pengo lisizidi sentimita nne hivi, na uwe unazisafisha uchafu baada ya kila mvua, la sivyo maji yatapita juu ya tuta. Kizuizi kiwepo kabla gari la samaki halijafika.

Rusha hiyo reki Jumamosi, kisha weka hapa picha ya kilichotoka, kwa karibu, shina na majani yaonekane. Nitakuambia kama kapi atalisaidia bwawa lako au ni kazi ya mikono.