Dada una namba ya mtandao mwingine?

Mume wangu ni mtu wa Rombo, kule Kilimanjaro, na kama umeoa au umeolewa huko unajua Desemba huwa haina mjadala, watu wanapanda. Sasa Desemba moja nikasema safari hii sitaki habari za kuamka saa tisa usiku kwenda kugombania basi Mbezi, nitakata tiketi kistaarabu kwenye simu nikiwa kitandani kwangu. Ijumaa, saa tatu usiku hivi, nikaingia kwenye tovuti ya basi fulani (jina naliacha, hawako peke yao kwa hili) ikaja ile ramani ya viti, vya kijani viko wazi vyekundu vimeshachukuliwa, nikachagua vitatu safu moja, mimi na mtoto upande huu, baba yake ng'ambo ya korido. Nikajaza majina yote matatu, nikajaza mpaka namba ya ndugu wa kupigiwa likitokea la kutokea, nikabonyeza lipa.

Kadi. Kadi tu, hakuna kingine. Na hela yote ya nauli iko kwenye simu, nimeiweka kwa wakala jioni ileile kwa ajili ya kazi hiyo.

Haya, kadi ya benki ninayo ila mi naitumia kutolea hela kwenye mashine basi. Nikaitoa kwenye pochi nikajaza zile namba 16, zile tatu za nyuma zilishafutika nusu kwa kusuguana na sarafu ikabidi nimulike na tochi ya simu ya mume wangu, ikazunguka weee ikagoma. Nikarudia, ikasema nimetumiwa namba ya uthibitisho, nasubiri meseji haiji, kumbe benki bado wana ile laini yangu niliyoibiwa na simu Kariakoo miaka hiyo na sikuwahi kwenda kuibadilisha. Na huku naangalia ile ramani, kiti cha nyuma yetu kikageuka chekundu, cha mbele kikageuka chekundu. Nikapiga simu ya huduma kwa wateja, kijana akanijibu bila shida yoyote, "Dada sisi onlaini tunapokea kadi tu, kama huna kadi njoo ofisini Shekilango."

Nakaa Chanika mimi. Kwenda Shekilango kulipa hela ambayo ipo kwenye simu niliyoshika mkononi!

Tulisafiri lakini, na basi lingine, viti vya nyuma kabisa na kila mmoja kakaa kivyake, mtoto alitapika kuanzia Segera. Kwa hasira siku ile ile nikaweka stetasi WhatsApp nimeandika kwa herufi kubwa kwamba biashara zenye njia moja ya malipo hazina shida na hela za watu. Watu wakacheka, wakaweka na vikopa. Alafu mteja wangu mmoja wa Tabora, mtu mstaarabu sana yule dada, akanijibu, "Pole mwaya. Lakini na wewe si una lipa namba ya mtandao mmoja tu? Mi nilishaghairi kwako mara mbili."

Aisee.

Kwa wasionijua, nauza mashuka na mapazia, naanika Instagram, oda zinakuja WhatsApp, wa Dar wanaletewa na bodaboda wa mikoani nawatumia kwa basi. Nilianza 2019 na lipa namba moja, yani ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, na nikaona nimemaliza kila kitu. Nikiulizwa nilikuwa na jibu langu tayari, kwamba jamani mitandao si inaingiliana? Na ni kweli inaingiliana, Tigo na Airtel walianza kuruhusu kutumiana toka 2014 huko, Voda akaungana nao 2016, sa hivi Benki Kuu ina mfumo wake wa TIPS unaunganisha mabenki na mitandao ya simu, kwahiyo kichwani kwangu mteja akishindwa kulipa ni uvivu wake.

Nikakaa nikaingia kwenye chati zangu, nikaandika "una" kwenye kutafuta maana nilijua swali linaanzaje. Una Airtel? Una Halo? Dada una namba ya mtandao mwingine? Una akaunti ya benki? Na mimi majibu yangu, mungu anisamehe, "Hiyo hiyo mpendwa inapokea mitandao yote" na kikopa. Na baada ya hapo kimya. Kwa mwezi mmoja tu, Novemba, nilihesabu watu 11 ambao chati inaishia hapo hapo kwenye kikopa changu. Hakuna hata mmoja aliyenigombeza. Na mi nilikuwa najua wale ni watu wa kuulizia bei tu, nilishawahi hata kuwasema kwenye stetasi.

Ndo nikaanza kuuliza, wale ninaoongea nao vizuri, kwanini hasa usilipe kwa mtandao wako wakati inawezekana? Majibu yao ndo yaliyonifanya niandike hii.

Wa kwanza anaogopa makato, hilo nililitegemea. Lakini sikiliza anavyoliwaza: hajui makato ni shilingi ngapi, hiyo ndo shida yake, kwamba shuka ni elfu thelathini na tano na yeye ana elfu thelathini na tano na mia tano, sasa itatosha au haitoshi? Akijaribu ikasema salio halitoshi inabidi aende tena kwa wakala, na ameshavaa dera yuko ndani. Hofu hii watu waliipata vizuri ile 2021, tozo za miamala zilivyoanza Julai mpaka Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30, nakumbuka wateja wangu wa Morogoro walirudi kabisa kwenye kumpa konda hela mkononi aniletee. Baadae tozo ya kutuma ikaondolewa 2023 ikabaki kwenye kutoa, ila mtu akishazoea kuogopa ndo ameshazoea.

Wa pili, huyu alinichekesha, ana deni la Songesha, ule mkopo wa M-Pesa ya Voda. Hela yoyote ikiingia kwenye ile laini inakatwa deni kwanza, kwahiyo hela zake anazikalisha kwenye mtandao mwingine kabisa, na we ukimwambia "dada si uweke tu hela Voda unilipe" unamwambia alipe mkopo leo. Hawezi kukuelezea hivyo, mmefahamiana jana Instagram. Atakwambia "poa nitakucheki".

Wa tatu ndo muhimu kuliko wote. Alisema nilimpa namba ya mdogo wangu siku moja nilivyokuwa nimekwama, ya mtandao wake, jina likaja la mwanaume. Na sisi wote tumeshatumiwa ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani". Mtanzania akisikia tu kuna namba nyingine na jina litakuja lingine, mkono unaganda. Mimi nikajiona nimemsaidia, yeye akaniweka kundi moja na matapeli.

Na wa nne ni dada yuko Muscat, anamnunulia mama yake vitu Tanga. Huyu lipa namba yangu kwake ni mapambo. Ilibidi amtumie kaka yake hela kwa watu wa kutuma hela, kaka akazitoa, akaziweka, akanilipa, yani mapazia ya laki na ishirini yamehangaisha watu watatu siku mbili. Alinunua mara moja tu.

Sasa nilichofanya. Nilisajili lipa namba mbili nyingine, na nilihakikisha jina linalotokea ni lile lile la duka kwenye zote, hapo usifanye mchezo kabisa hata kama itakuchukua wiki kuzungushana na wakala na TIN na leseni na kitambulisho cha NIDA. Kama jina ni tofauti kwenye hata moja, bora uache. Nikafungua na akaunti ya benki kwa jina la biashara, kumbe kuna watu wengi tu, hasa waajiriwa, hela zao haziendi kwenye simu kabisa, wanatoka benki kwenda benki. Yule wa Muscat pia ndo alipopatia njia.

Alafu nikatengeneza picha moja safi, siyo meseji ndefu, picha, ina namba zote na chini nimeandika jina litakalotokea, neno kwa neno. Hiyo naituma pamoja na bei, kabla mtu hajauliza. Mwanzo nilikuwa naisubirisha mpaka mteja aseme nalipaje, na nimegundua wengine hawaulizi wanakisia tu kwamba huna njia yao wanaondoka. Na kwenye makato nikaacha ule ubahili wa "weka na ya kutolea". Kwanza lipa namba huwa siitolei kila siku, namlipa mtu wa Kariakoo moja kwa moja kutoka humo humo. Ukimwambia mteja aongeze ya kutolea kwenye shuka ambalo umeshaweka faida yako mi naona ni kumdokoa mara mbili, ila wenzangu wengi hawanielewi hapa tunabishana sana.

Ila usije ukapitiliza. Kuna mwenzangu anauza vipodozi ana namba saba kwenye bango, mpaka ya mume wake, na kila jioni anahangaika na simu tatu kujua nani kalipa wapi. Hela zikigawanyika hivyo mzigo ukifika unakuta kila sehemu una elfu ishirini na saba na huwezi kumlipa mtu. Tatu na benki zinatosha kwa duka la size yangu. Na njia zikiwa nyingi matapeli nao wanapata pa kujifichia, mtu anakutumia skrinishoti ya muamala feki imepangwa vizuri kuliko ya kweli, kwa mtandao ambao we hujauzoea hata meseji yake inafananaje. Usiangalie skrinishoti, usiangalie hata meseji, fungua menyu angalia salio lako limeongezeka. Bodaboda akisema ana haraka mwambie asubiri dakika moja, hatokufa.

Kwa wenye tovuti kabisa, kama wale wa basi, sielewi kisingizio. Zipo kampuni kama Selcom na Pesapal kazi yao ni kukukusanyia malipo ya simu na kadi kwa pamoja, wanakukata asilimia yao, sawa, lakini kiti kilichokwenda kitupu Rombo kinakukata asilimia ngapi? Serikali yenyewe na ugumu wake wote ilishaligundua hili, ukipewa kontrol namba unalipia mtandao wowote au benki yoyote unayotaka, hawakuulizi hela yako inakaa wapi. Ukiona TRA wamekuwa rahisi kulipa kuliko wewe ujue kuna mahali umekosea.

Na wewe mnunuaji, maana na mimi bado ni mnunuaji, usisubiri saa tatu usiku wa Ijumaa. Nenda benki siku ambayo huna shida, waambie wakufungulie kadi kwa manunuzi ya mtandaoni na wabadilishe namba ya simu, mimi ilinichukua nusu saa tu na nilikuwa nimeliahirisha miaka. Kama benki ni mbali, angalia kwenye apu ya mtandao wako wa simu, unaweza kutengeneza kadi ya humo humo, unaijaza hela kiasi unachotaka kulipa tu, inafanya kazi kama kadi nyingine na hata namba zake zikiibiwa hakuna cha maana ndani. Na uliza njia za malipo KABLA hujajaza majina ya ukoo mzima. Usipoiona yako sema, jamani, usikae kimya kama wateja wangu. Andika tu "nilitaka kununua nimeshindwa kulipa", hata asipokujibu atakaa nayo.

Wale 11 wa Novemba niliwatafuta wote Januari, nikawaandikia mmoja mmoja kwamba nimeongeza njia za malipo na nimewapunguzia elfu tano kama pole. Saba hawakujibu. Watatu walinunua, mmoja wao mpaka leo ni mteja wangu wa mapazia ya ofisi. Wa 11 alinijibu vizuri sana, akanishukuru kwa kumkumbuka, akasema alishapata sehemu nyingine wiki ileile, alafu akanitumia picha ya kitanda chake kimetandikwa. Mashuka ya rangi ile ile aliyokuwa anaiulizia kwangu, na mito yake minne. Yamekaa vizuri kweli, siwezi kusema uongo.