Kanuni moja kwa saiti zote tatu

Ndugu, umeuliza kwa nini mafundi wako wa ujenzi katika saiti ya Nairobi huvaa helmeti na mikanda ya usalama, ilhali wa Nakuru na Kisumu hawajali. Anza na manyapara. Kibarua humtazama nyapara wake. Huyo akipanda jukwaani bila mkanda, mabango yako yote ni kazi bure. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai kamati ya usalama palipo na wafanyakazi 20 au zaidi. Iunde kila saiti, vibarua wawemo, kisha wakaguane: wa Kisumu waje Nairobi. Na tafadhali sana, anayesimamisha kazi kwa sababu ya ubao uliolegea asikatwe ujira. Akikatwa hata mara moja, wenzake watanyamaza.