Fizi zikitoa damu, usiweke mswaki chini

Barua nyingi mlizoniletea safari hii ni za fizi, kwa hiyo leo nazijibu hizo tu.

Kila nikipiga mswaki natema damu. Shangazi anasema ni kiseyeye, nile machungwa. Upande unaotoa damu nimeacha kuusugua. (Newala)

Dada, huko kuacha ndiko kunakokuumiza. Kiseyeye huja mwili ukikosa vitamini C kwa muda mrefu, na huko Newala mabibo yanaozea chini ya mikorosho ilhali yana vitamini hiyo kuliko chungwa. Damu ya wengi wetu inaletwa na ukoga, utando laini wa bakteria unaoanza kujijenga upya saa chache tu baada ya kupiga mswaki. Ukoga ukikaa pale jino linapokutana na ufizi, ufizi huvimba na kutoa damu ukiguswa. Tumia mswaki laini, mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, ukiulaza kuelekea kwenye ufizi, kisha pitisha uzi wa meno katikati. Siku za mwanzo damu itatoka bado. Vumilia wiki mbili. Isipopungua, huenda ukoga umeshakuwa mgumu kama jiwe, yaani ugaga, na huo hautoki kwa mswaki.

Nina miaka 52. Meno mawili ya mbele, chini, yanacheza. Naogopa hospitali, maana wenzangu wanasema ukisafishwa ndiyo yanalegea kabisa. Sigara navuta. (Mvuvi, Mikindani)

Mzee wangu, hofu hii nakutana nayo kila wiki, na imewapotezea watu meno ambayo yangeokolewa. Kinacholegeza jino ni mfupa unaolishikilia kuliwa taratibu chini ya ufizi, mara nyingi bila maumivu yoyote. Ugaga mwingi huwa umeyagandisha meno pamoja. Ukiondolewa, unaona mianya na kuhisi jino limelegea, kumbe mfupa ulishaondoka zamani.

Daktari ataanza kupima kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, akikipitisha kati ya jino na ufizi. Kina cha 1 hadi 3 ni cha kawaida. Kuanzia 4 huwa tunaangalia kwa makini, na kikizidi hapo ugonjwa umeshuka. Picha ya eksirei itaonyesha mfupa uliobaki. Kisha atakwangua ugaga hadi kwenye mizizi, kwa ganzi, pengine kwa siku mbili au tatu tofauti, na baada ya wiki sita hivi atapima upya. Mifuko, yaani nafasi hizo kati ya jino na ufizi, ikibaki mirefu, upo upasuaji wa ufizi. Mfupa uliokwisha haurudi wenyewe, lakini uliobaki unaweza kulindwa miaka mingi.

Sigara nakuomba uiache. Inabana mishipa ya damu, hivyo fizi zako huenda hazitoi damu hata zikiwa zinaoza, na kidonda kinachelewa kupona. Pima na sukari pia, kwani kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Toka Mikindani hadi hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, si mbali. Nenda.

Fizi zikivimba nanunua amoksilini dukani. Uvimbe unaisha, baada ya mwezi unarudi. (Masasi)

Unarudi kwa sababu ugaga upo palepale, na bakteria wamejificha ndani yake ambako dawa haiwafikii vizuri. Bila kusafishwa, unaizoesha tu miili ya hao bakteria dawa ambayo siku moja utaihitaji kwa jambo kubwa. Ukivimba uso, ukapata homa au ukashindwa kumeza, usipite dukani, kimbilia hospitali.

Babu anatutia mafuta ya ganda la korosho kwenye ufizi unaouma. (Tandahimba)

Acheni leo. Mnaobangua mnajua yanavyobabua vidole, na ufizi ni laini kuliko kidole. Mweleze babu kwa heshima, maji vuguvugu yenye chumvi yanatuliza bila kuunguza, mkiwa njiani kwenda kwa daktari.

Nina ujauzito wa miezi mitano, fizi zimevimba. Nimeambiwa nisiguswe meno hadi nijifungue. (Lindi mjini)

Hapana, mama. Homoni za ujauzito huzifanya fizi ziukasirikie ukoga hata ukiwa kidogo, na miezi uliyonayo ndiyo yenye nafuu zaidi ya kukaa kwenye kiti cha daktari. Kusafishwa ni salama, na ganzi ya kawaida pia. Chukua kadi yako ya kliniki, mwambie daktari umri wa mimba na dawa unazotumia kabla hajaanza.