Mwanangu, kuhusu hiyo bustani ya watoto

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili halafu nikamsomea mama yako kwa sauti maana miwani yake haijulikani iko wapi tena. Unauliza muanze kupanda nini na watoto, na kama msubiri mvua au muanze tu sasa hivi ardhi ikiwa bado kavu, kwa sababu huyo wa miaka 6 ana haraka na huyo wa mitatu kazi yake kula udongo. Halafu kule chini kabisa, baada ya salamu, ukachomekea kwamba mche wa maharage wa mkubwa ulikufa, mwenzako akaamka usiku akaung'oa akapandikiza mwingine palepale, asubuhi mtoto akakuta mche umesimama vizuri akarukaruka kwa furaha, na we hujui kama hilo ni sawa.

Basi nianze na la mbegu maana ndilo uliloniuliza, japo unanijua.

Msisubiri mvua. Kusubiri mvua ni kwa mkulima, ye anahesabu magunia, mtoto hahesabu magunia. Kiangazi kina kazi zake nyingi tu, kuokota mbegu zilizokauka, kuzipembua, kukusanya majani makavu ya kurundika yaoze yawe mboji, kutoboa makopo matundu kwa chini yawe ya kumwagilizia, na kumwagilia kwenyewe asubuhi na jioni jua likiwa limepoa. Halafu chukueni glasi, muizungushie ndani karatasi laini iliyolowa, mchomeke haragwe moja kati ya karatasi na ukuta wa glasi ili lionekane. Mzizi ndio utatangulia kutoka, utashuka chini, na mkiilaza glasi ubavu basi mzizi nao unakata kona unatafuta chini ilipo. Huyo mkubwa atakuwa anaigeuza glasi kila siku ili auchanganye. Mwacheni aigeuze.

Mvua zikianza pandeni maharage na malenge, kwa sababu mbegu zake ni kubwa, hata kidole cha mtoto wa miaka mitatu kinazikamata. Haragwe lizame kama sentimita 3, penye joto linatoka ndani ya siku 7 hadi 10, na waambie walale kifudifudi kabisa walitazame likitoka maana halitoki na majani kama watu wanavyodhani, inatangulia shingo, imejikunja, ndio inasukuma udongo, kisha inajinyoosha na kuvuta juu zile pande mbili za mbegu. Mtoto akiona shingo imekwama atataka kuisaidia kwa kuivuta na itakatika. Kwa hiyo pandeni mbegu za ziada za kufukua, yani kabisa, zipangiwe kazi hiyo: hizi za kukua, hizi za kufukua kila asubuhi kuona zimefikia wapi. Usipompa za kufukua atafukua zote.

Figili nazo, penye baridi kidogo, ndani ya mwezi mmoja anang'oa chake. Karoti achaneni nazo kwa sasa, wiki mbili tatu ardhi iko kimya tu, na zikiota zinataka kupunguzwa, sasa mwambie mtoto ang'oe nusu ya alichopanda uone kilio. Kipindi cha baridi kila kitu kinasuasua, muwe na kabichi au mboga nyingine za majani zinazoipenda hiyo baridi, na siku zote zilizobaki watazame konokono.

Hiyo ni mbegu, imekwisha. Lakini mwanangu mbegu sio tatizo, mbegu yoyote itaota. Swali ni kipande ni cha nani.

Nimelisema sana hili na najua mnanicheka, lakini narudia, kipande cha mtoto ni cha mtoto. Hata kama ni ukubwa wa sinia, hata kama ni ndoo iliyopasuka. Si cha kupendezesha uwanja, si cha kuonyeshea wageni. Pale chuo cha ualimu tulifundishwa habari za Froebel, yule Mjerumani aliyefungua mahali pake pa watoto wadogo kule Bad Blankenburg mwaka 1837, na katika yote tuliyokaririshwa mi nililobaki nalo ni hilo moja tu, kwamba kila mtoto alipewa kipande chake cha bustani, na vingine vikawa vya wote kwa pamoja. Chake, na cha wote. Huwezi kumfundisha mtoto kutunza cha wote kama hajawahi kuwa na chake.

Na hapa najua we unajua ninakokwenda.

Kile kipande chako pale pembeni ya ukuta. Ulikuwa una umri kama wa mwanao sasa. Ulipanda alizeti, ukazungushia vipande vya sahani zilizovunjika na vijiti na kifuniko cha sufuria, na magugu ukayakataza yasing'olewe kwa sababu ulisema hao ni wageni wa alizeti. Mi nilikuwa napita pale nashika mdomo nisicheke. Kwa mtu asiyejua ilikuwa ni takataka tu, sikatai, ilikuwa takataka. Akaja baba yako mkubwa kututembelea. Akaamka alfajiri, mtu wa kazi yule, akachukua jembe, na tulipotoka ndani uwanja mzima unang'aa, kafagia mpaka na mstari wa fagio unaonekana, na anatuita tuje tuone. Vipande vya sahani amevirundika kwenye ndoo. Alizeti zilikuwa zimeshafika magotini mwako, zipo kwenye lundo pamoja na wageni wake, zimeanza kunyauka.

We ulitoka na kopo lako la maji kama kila asubuhi. Ukafika pale, ukamwagilia. Udongo mtupu, ukaumwagilia kopo zima mpaka tone la mwisho, ukarudi ndani. Hukulia. Mama yako ndio aliyelia, tena jikoni, halafu akatoka akamwambia shemeji yake maneno ambayo sijayasikia akimwambia mtu mwingine yeyote kabla wala baada.

Sasa baba yako mkubwa si mtu mbaya, na hili nalisema kila mara, alidhani anatusaidia. Ila alisema "ni majani tu hayo, nitakuletea mengine". Hilo "majani tu" ndilo mpaka leo nikilikumbuka nasikia moto kifuani, na ye nadhani keshasahau, na kwenye sikukuu tunakula sahani moja tunacheka, lakini hilo lipo. Na kweli kesho yake akaleta miche ya alizeti, mizuri, mirefu kuliko yako, akaipanda kwa kamba mstari umenyooka, akakukabidhi. Ukamwambia asante baba mkubwa, adabu zote. Na hukuigusa. Nikakuuliza mbona humwagilii, ukasema "hizo ni za baba mkubwa".

Mama yako akawa ndiye anayezimwagilia. Zikachanua kubwa kama nini, we unapita kama hazipo. Mi nikajitia ualimu, nikakuita nikuonyeshe kwamba alizeti ikiwa changa inalifuata jua toka mashariki mpaka magharibi na usiku inajirudi yenyewe, lakini ikishakomaa inaacha, inakaa imetazama mashariki tu, si unaona zote zimegeukia upande mmoja? Ukaziangalia ukaniambia, "Najua. Zangu nazo zingefanya hivo."

Basi. Sikuongeza neno.

Lakini mvua zilizofuata, unakumbuka? Hukuomba ruhusa, hukumwambia mtu, ukaenda nyuma kule maji ya kufulia yanakomwagwa ukachomeka mbegu za malenge. Yale malenge yakatambaa yakapanda ukuta, na ukawa unaniamsha mapema tukague maua kabla hayajafunga maana ua la malenge linafunguka asubuhi moja tu basi, na ndio ulipojua kuna maua dume na maua jike, lile jike lina kilenge kidogo chini yake tangu mwanzo, na nyuki asipofika kile kilenge kinanyauka kinadondoka. Ulikuwa unawakaribisha nyuki kwa mkono, "pita huku, pita huku". Mpaka leo nikiona ua la malenge nasikia hiyo sauti. Kwa hiyo sio kwamba jembe la baba yako mkubwa lilikuharibia kitu kisichotengenezeka, hapana, ila ulichojifunza ni kupanda pasipoonekana.

Sasa ntakuwa mwongo nikisema mzazi asiingilie kabisa, maana mama yako hapa anasoma juu ya bega langu na anauliza je mtoto akitaka kupanda sumu nayo ni chake? Haya. Kuna mambo hayana uhuru. Hizo mbegu za pakiti zenye rangi ya waridi au kijani, ile rangi ni alama kwamba zimepakwa dawa, mtoto asizishike, na huyo wa mitatu asizione kabisa. Mbegu za mnyonyo zinang'aa vizuri zinamvutia mtoto na ni sumu kali. Samadi mbichi hapana, itumieni ikishaoza, na mikono inawe kabla ya kitu chochote hakijaenda mdomoni, kwake huyo mla udongo hilo ni vita ya kila siku najua. Ndoo ya maji isiachwe imesimama na maji hata dakika, mtoto mdogo anazama kwenye maji ya sentimita 5, na yale makopo mvua ikiyajaza mmwage, penye joto yai la mbu linafika kuwa mbu anayeruka ndani ya kama siku 7 hadi 10. Jongoo waacheni wamchezee ila wanawe mikono baadaye na wasijipangusie macho, maana ana majimaji yanayowasha. Tandu hapana. Radi ikianza ndani. Jua kali la mchana, kuanzia saa nne hivi mpaka saa kumi, kivulini.

Umeona, nimeandika masharti mengi kuliko uhuru. Mama yako ameridhika, ameondoka.

Lakini hayo yote ni ya kumlinda mtoto. Kulinda mtoto ni kitu kimoja na kulinda bustani yake isiharibike ni kitu kingine, na watu wanachanganya. Mche ukifa haujamuumiza mtu. Akimwagilia mno ukaoza, ameoza wa kwake. Akipanda kichwa chini miguu juu, mzizi utajigeuza wenyewe ushuke chini.

Nirudi kwa mwenzako. Nimejizuia tangu juu kule. Kwa upande mmoja naona si sawa na baba yako mkubwa, huyu alifanya kwa mapenzi... lakini na yule pia alifanya kwa mapenzi. Tofauti ni kwamba yule alileta mingine mchana kweupe ukapata nafasi ya kuikataa, huyu ameileta usiku. Sasa lipi afadhali? Mtoto amefurahi, na furaha ya mtoto wa miaka 6 asubuhi si kitu cha kukidharau, mi mwenyewe ningekuwepo nikaona anavyoruka labda ningenyamaza. Labda. Halafu nafikiria tena, kile kifo cha haragwe kilikuwa chake, alikuwa anaweza kukiuliza maswali, maji yalizidi? kuna kiwavi alikata kwa chini? twende tuchimbue tuone mizizi imekuwaje? Somo lote hilo limeng'olewa usiku likatupwa. Lakini tena ana miaka 6. Lakini tena we ulikuwa na 6.

Halafu kuna jambo moja hamjalifikiria nyinyi wawili. Ile picha uliyonitumia wiki iliyopita, mtoto kashika kopo pembeni ya mche, nimeikuza kwenye simu. Jani la chini upande wa kushoto lilikuwa na tobo, kiwavi kalila, duara kabisa. Na kwenye picha mwanao kidole chake kiko wapi? Kiko kwenye hilo tobo. Analionyesha. Huyo mtoto anaujua mche wake jani kwa jani kama we ulivyozijua alizeti zako, na huo mche mpya majani yake mazima.

Sasa sisemi mwenzako kakosea, nimeshasema sitaki kuingia kwenye nyumba ya watu, na mama yako amenikataza tangu jana nisiandike hukumu, kwa hiyo siandiki. Muamue wenyewe mnamwambia mtoto au mnakaa kimya, mi nitawaheshimu. Ila kawaida yake mjukuu wangu ananipigia simu Jumapili, na akiniuliza babu, tobo langu limeenda wapi, mi sitamdanganya, kwa hiyo mwambie baba yake ajipange kabla ya Jumapili.

Baba yako